Kamera ya Kwanza na Jua la Amu

 

Hebu simama ufuoni Shela, hapa kwetu Amu (Lamu), saa saba mchana, toa simu yako, ujaribu kupiga picha ya mashua inayokatiza mkondo kuelekea Manda. Kwenye kioo cha simu utaona nini? Utaiona pua yako, utauona ukingo wa kofia yako, na nyuma yake weupe mtupu. Mashua huioni. Unabonyeza kwa kubahatisha, halafu unakimbilia kivulini kutazama umepata nini, na ulichopata ni tanga lililokatwa nusu. Simu ni nzuri, mimi mwenyewe ninayo na napiga nayo kila siku. Lakini sisi tuko karibu na ikweta, digrii mbili tu kusini yake, na jua la saa saba linaizidi nguvu.

Hapo ndipo vijana wanapoanza kuulizia kamera kubwa, ile ya DSLR, yenye lenzi ya kufungua na kufunga. Nimeulizwa na wa mtaa wa Mkomani, nimeulizwa na wa Langoni, na swali huja kwa sura moja: "Ami, ninunue ipi?" Wengine wamekwishapata jina la kamera kutoka kwa rafiki aliye Mombasa au Dubai, wanataka tu niseme naam. Mimi huwauliza swali jingine kwanza: picha zako utazipigia wapi? Chomboni, vichochoroni, ndani ya nyumba, au harusini? Mtu akinijibu hilo, kamera yake ya kwanza nusu imeshachaguliwa. Asiponijibu, hata nikimtajia mashine ya bei ya ng'ombe watatu haitamfaa.

Kwanza tuelewane kamera hii ni kitu gani. Ndani yake mna kioo kidogo kilichoinamishwa. Mwanga unaingia kwa lenzi, unagonga kioo kile, unapanda juu, unageuzwa, unateremka mpaka kwenye kitundu ulichobandika jicho. Ukibonyeza, kioo kinaruka, ndiyo ile klak unayoisikia, na mwanga unapita moja kwa moja mpaka kwenye kihisi kilicho nyuma, kinachounda picha. Kisha kioo kinarudi mahali pake. Maana yake, unapochungulia, unaiona mashua yenyewe, si picha ya mashua kwenye skrini. Jicho limefunikwa, jua halina pa kupenya. Ukiwa Shela saa saba, hiyo peke yake ni sababu ya kutosha.

Na kwa kuwa unachungulia bila umeme wowote, betri inakaa. Nikon D3500, kamera ya wanaoanza iliyotoka 2018, ilipimwa na watengenezaji wake kwa picha 1,550 kwa chaji moja. Kamera mpya zisizo na kioo, zile ambazo kitundu chake ni skrini ndogo, aina zake za bei ya chini huchoka baada ya mamia machache. Mtu wa Nairobi haoni tofauti, ana soketi kila ukuta. Lakini ukienda Kiwayu siku tatu, ukalala mahali ambapo umeme ni wa sola ya taa mbili, na kila mtu ana simu ya kuchaji, utaiona.

Najua mtaniambia, ami, mambo hayo yamepitwa. Ni kweli, watengenezaji wenyewe wameshageuka. Mwisho wa mwaka 2021 mkuu wa Canon alisema ile 1D X Mark III itakuwa ya mwisho katika kamera zao za kioo za daraja la juu kabisa. Nikon imeacha kutengeneza D3500. Teknolojia hii ya kioo, iliyoshika Japani tangu Asahiflex ya mwaka 1952, ikapata umaarufu kwa Nikon F ya 1959, ikawa ya dijitali kwa wenye pesa mwaka 1991 na kuteremkia watu wa kawaida mwaka 2003, Canon ilipotoa 300D kwa chini ya dola 1,000, sasa inafungiwa mlango. Mimi hilo naliona ni heri yetu. Wapiga picha wa Ulaya na wa Ghuba wanauza za kioo wanunue za mtindo mpya, na walizouza zinakuja huku, bodi (yaani kamera yenyewe bila lenzi) na lenzi zake, kwa bei ambayo miaka kumi iliyopita ungeiota tu. Anayeanza leo anapata mashine iliyokuwa ya mtu wa kazi.

Sasa turudi kwenye swali langu, utapigia wapi. Tuanze mjini.

Ingia Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, kata kushoto kichochoro chochote kinachopanda mlima. Kuta za mawe ya matumbawe pande zote mbili, ndefu, na njia yenyewe punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja hana budi kurudi nyuma. Juu, utepe mwembamba wa jua. Upande mmoja wa ukuta unawaka mpaka macho yanauma, upande wa pili ni kivuli kizito, na mbele kidogo kuna wikio linalounganisha nyumba mbili, na chini ya wikio ni giza. Hapo anatokea mama amevaa buibui jeusi, mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Kamera, maskini, ifanye nini? Ikiufuata ukuta, mama anakuwa doa jeusi. Ikimfuata mama, ukuta unayeyuka. Hakuna kamera ya bei yoyote inayolimaliza tatizo hilo kwa nguvu zake. Unalimaliza wewe, kwa kitufe kidogo chenye alama ya kujumlisha na kutoa, unachokibonyeza huku ukizungusha gurudumu picha iwe nyeupe zaidi au nyeusi zaidi. Basi unaponunua, tafuta kitufe hicho kiko wapi, na kama kidole gumba kinakifikia bila kuondoa jicho kwenye kitundu. Wauzaji hawakitaji. Watakutajia megapikseli.

Megapikseli tuziseme haraka tumalizane nazo. Picha ya kuchapishwa ukubwa wa karatasi ya A4, kwa ubora wa kitabu, inahitaji karibu megapikseli 9. Kamera ya 16 inakutosha, ya 18 inakutosha, ya 24 inakutosha. Muuzaji akikushikilia hapo, mwache aseme.

Jambo la kichochoro hasa ni lenzi. Kamera hizi za wanaoanza zina kihisi kidogo kuliko filamu za zamani, milimita kama 22 kwa 15 kwa Canon, Nikon kubwa kidogo, kwa hiyo kila lenzi inakuwa kama imesogeza mbele. Zidisha kwa 1.5 ukiwa wa Nikon, kwa 1.6 ukiwa wa Canon. Ile lenzi ya 50 ambayo kila mtu mtandaoni anaisifu, ukiifunga kwenye Canon ya kawaida inakuwa kama ya 80. Ukiwa Nairobi Uhuru Park, vizuri sana. Ukiwa kichochoroni Mkomani, unarudi nyuma, unarudi nyuma, mgongo unagusa mlango wa watu, na bado mtu wako hakuingia mzima. Kwa mji wetu ningekwambia 35 kwa mwenye Nikon, ile yenye alama ya DX, tundu la 1.8, iliyotoka 2009, au 24 kwa mwenye Canon, tundu la 2.8, ndogo na bapa, ya 2014. Hazivuti. Ukitaka kusogea unasogea kwa miguu.

Namba hizi za tundu, 1.8, 2.8, 5.6, huwachanganya watu kwa sababu zimekaa kinyume: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Ile lenzi unayopewa pamoja na kamera, 18 mpaka 55, ukiivuta mpaka mwisho tundu lake ni 5.6. Lenzi ya 1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Chukua mfano wa ndani ya nyumba za Amu za zamani. Unapita dakani, unaingia kiwandani, yaani uani, kwenye jua, halafu msana wa tini, halafu ndani kabisa penye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na kila hatua mwanga unapungua. Bibi ameketi ndani pale anasuka ukili. Kwa lenzi ya kawaida, shata, lile pazia linaloruhusu mwanga ufike kwenye kihisi, inataka kukaa wazi sehemu ya 15 ya sekunde, na vidole vya bibi havikungoji, vinatoka ukungu. Kwa lenzi ya 1.8 shata ile inafunga kwa sehemu ya 150 ya sekunde, na unauona ukili, unauona ukucha. Hakuna flashi. Flashi mbele ya zidaka inaua kila kitu, zile nakshi za chokaa zinakuwa bapa kama karatasi.

Kwa hiyo hesabu yangu ya pesa imekaa hivi. Tuseme umejinyima mwaka mzima, una kiasi fulani mkononi. Kigawe mara mbili. Nusu ya kwanza ni ya bodi, na bodi iwe iliyotumika. Nusu ya pili ni ya lenzi, betri ya akiba, memori kadi mbili na sanduku la kuhifadhia, nitalieleza hilo baadaye. Vijana wengi hufanya kinyume: pesa zote kwenye bodi mpya inayong'aa, na lenzi ile ile ya bure. Mwaka ukipita bodi imepoteza sehemu kubwa ya bei yake, na mwenzake aliyeweka pesa kwenye lenzi bado anayo lenzi, anaihamishia kwenye bodi nyingine.

Kuna mtu wa mji huu ambaye kila kijana anayetaka kamera angepaswa kumjua, Omar Said Bakor. Alizaliwa hapa Amu mwaka 1932, upigaji picha akajifunza mwenyewe, akawa anapiga watu mitaani, na miaka ya 1960 akafungua studio. Alifariki mwaka 1993. Zama hizo hapakuwa na kompyuta ya kuunganisha picha, na Bakor alikuwa anaziunganisha: anakata, anabandika, anapiga upya, na sura ya mtu inatokea mahali ambapo sura ya mtu haikai. Watu wa mataifa ya nje wameziandikia vitabu picha zake, zimewekwa kwenye maonyesho Ulaya, na wanaoziandikia hushangaa alivyokuwa akiwaza. Jina la kamera yake sijaona mtu akilishughulikia. Na Mohamed Amin, aliyekulia Dar es Salaam akawa mpiga picha wa habari ambaye dunia nzima iliiona njaa ya Ethiopia ya 1984 kupitia kwake, alianza utotoni na Box Brownie iliyotumika. Box Brownie ni kisanduku. Kina lenzi moja isiyogeuka na kitufe kimoja.

Nisieleweke vibaya, sisemi kifaa hakina maana. Box Brownie isingempata bibi wa ukili mle ndani. Nasema tu kwamba bodi ya mwaka 2013 si aibu.

Bodi zipi, basi? Mwenye kupiga mjini na nyumbani, asiyetaka uzito shingoni, hiyo D3500 niliyoitaja ni gramu 415 pamoja na betri na kadi, unaisahau begani. Kasoro yake, haina tundu la kuchomekea maikrofoni, kwa hiyo mwenye ndoto za video aiache. Vilevile haina mota ya kuzungusha lenzi ndani ya bodi, kwa hiyo lenzi za Nikon za zamani zitafungika lakini hazitajilenga zenyewe, itabidi uzungushe kwa mkono. Tafuta zenye alama ya AF-S au AF-P. Na hizo AF-P, ukiwa na bodi kuukuu kama D3100 au D5100, hazitafanya kazi, uangalie hilo kabla hujatuma pesa. Kwa upande wa Canon mambo ni mepesi zaidi, lenzi za EF tangu mwaka 1987 zinajilenga kwenye kamera zao zote za kioo. Hapo Canon wamewashinda wenzao, nasema wazi. Ila kuna Canon moja, 4000D, ambayo ni rahisi kweli, mpya kabisa kwenye boksi, na mdomo wake wa kufungia lenzi ni wa plastiki. Mimi nisingeichukua. Mdomo ule ndio unaobeba lenzi miaka yote, ukiufungua na kuufunga katika mchanga na chumvi. Pesa ile ile inakupatia 700D iliyotumika, yenye mdomo wa chuma na skrini inayopinduka, ukaweza kuishusha kamera mpaka magotini pa punda bila wewe kulala chini.

Mwenye kupiga chomboni, mashindano ya mashua, jahazi zinazotengenezwa Matondoni, wavuvi wa Kizingitini, huyo nampeleka kwingine. Atafute Nikon D7000 ya mwaka 2010, au D7100 iliyoifuata 2013. Ni nzito, karibu mara mbili ya ile nyingine, na megapikseli za D7000 ni 16 tu. Lakini imezibwa viungo dhidi ya vumbi na manyunyu, ina mota ndani ya bodi, ina nafasi ya kadi mbili ili moja ikifa nyingine imebaki na picha, na ina kitetemeshi cha kukung'uta vumbi kwenye kihisi. D3500 haina kitetemeshi hicho, na Canon za bei ya chini kabisa hazina. Kwa Ulaya ni jambo dogo. Kwa mtu anayebadilisha lenzi mahali ambapo upepo wa kusi unabeba mchanga wa Shela mpaka vyumbani, si dogo. Na ukiwa chomboni unahitaji lenzi ya kuvuta ifike 200 au zaidi, kwa sababu mashua haitakusogelea, na kasi ya shata isipungue sehemu ya 500 ya sekunde, kwa sababu wewe unayumba na mashua nayo inayumba.

Haya, umeletewa kamera iliyotumika. Muuzaji anasema haikuguswa. Fanya hivi mbele yake, usione haya.

Toa lenzi, washa tochi ya simu, imulike lenzi kwa pembeni, si moja kwa moja, uchungulie upande wa pili. Vumbi chembe mbili tatu si neno. Ukiona nyuzi nyembamba zimetanda kutoka ukingoni kuelekea katikati, hiyo ni kuvu, imeota ndani ya lenzi. Irudishe. Kuvu husambaa, na kuisafisha kunahitaji lenzi ifunguliwe na fundi ambaye hapa kwetu hayupo. Kisha zungusha lenzi taratibu karibu na sikio. Ukisikia mkwaruzo, mna mchanga. Tazama skurubu ndogo za chini ya kamera na zile za mahali pa kuchomeka flashi: zikiwa na kutu, kamera hiyo imeishi pwani na haikufutwa, na kilicho nje kimeonekana, cha ndani hukijui. Fungua mlango wa betri, tazama vyuma kama vina ukijani. Chomeka memori kadi yako mwenyewe, funga tundu la lenzi mpaka 16 au 22, piga picha ya ukuta mweupe au mbingu, uikuze. Madoa ya kijivu yasiyohama kutoka picha hadi picha ni uchafu wa kihisi, unasafishika, lakini bei ishuke.

Mwisho uliza shata imepiga mara ngapi. Shata za kamera za wanaoanza hukadiriwa kwa mibonyezo kama 100,000, na D7000 ilijaribiwa kwa 150,000. Kwa Nikon idadi hiyo imeandikwa ndani ya picha yenyewe, ziko tovuti za bure zinazoisoma. Kwa Canon ni shida kidogo, mara nyingi inataka kompyuta na waya. Muuzaji asiyekubali hata moja katika hayo, hata kama kamera yake ni nzuri, mwambie tu leo hukuja na pesa.

Na muuzaji akikusifia Wi-Fi ya kuhamishia picha kwenye simu, usiilipie zaidi. Kidude cha kusomea kadi kinachochomekwa kwenye simu ni cha bei ndogo na kinafanya kazi ile ile haraka zaidi.

Sasa lile sanduku. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na kuvu niliyoitaja inapenda vitu vitatu: unyevu, giza, na kitu kisichoguswa. Kabati la nguo lina vyote vitatu. Mkoba wa ngozi, ule mzuri wa zawadi, ni mbaya kuliko vyote, kwa sababu ngozi inashika unyevu. Nunua sanduku la plastiki la kuhifadhia chakula, lenye kifuniko cha mpira kinachobana, uweke ndani zile pakiti za chembechembe za kukausha zinazokuja na viatu na dawa. Zikichoka, kuna za kununua zinazobadilika rangi ili ujue ni wakati wa kuzikausha. Mchele achana nao, unatoa unga, na unga ukiingia kwenye lenzi umejitafutia kazi. Chomboni, tangu serikali ipige marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, watu wamezoea ile mifuko mizito ya kukunjwa mdomo ya watalii. Inafaa sana, na ikiwa huna, sanduku lile lile la chakula. Ukirudi nyumbani, kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji baridi, maji ya kunywa, pangusa bodi yote, kisha kikavu. Kila mara. Na kamera itumike. Inayotoka kila wiki si rahisi kuota kuvu.

Nimeacha kusema juu ya watu, na watu ndio picha zenyewe. Kamera hii ni kubwa na inaonekana. Wengine wanaiona hiyo ni dosari, kwamba watu wanakunja uso. Mimi naona afadhali. Simu inaiba, mtu anajifanya anasoma ujumbe kumbe anampiga mama wa watu. Mwenye DSLR hana pa kujificha, itambidi aamkie, aombe, akikataliwa aseme ahsante aende zake. Usiku wa Maulidi pale Msikiti wa Riadha, au wazee wakicheza goma na bakora zao, wengi watakukubalia ukiwaomba mapema. Ukitokea ghafla na flashi, watakufukuza, na watakuwa na haki. Na lenzi ndefu usiielekeze kiwanja cha ndege cha Manda wala kambi za askari. Hapo hakuna wa kumuamkia.

Lakini kundi ninalolitaka hasa lisikie leo ni mabinti. Harusi zetu, mnajua, zina siku ambazo mwanamume hakanyagi. Siku ya kupamba bibi harusi amekaa juu, amepambwa hina na asumini, na ndugu zake wamevaa wasivyovaa njiani. Nani atapiga? Harusi nyingine simu hukusanywa mlangoni, kwa hofu ya picha kuzagaa, na hofu hiyo ina msingi. Binti mwenye kamera yake, anayeaminika, anayetoa memori kadi mwisho wa usiku na kuiweka mkononi mwa mama wa bibi harusi, huyo ana kazi kutoka Amu mpaka Mombasa, na wanaume hawawezi kumnyang'anya. Kwake nisingesema kamera nzito. Bodi nyepesi, lenzi ya 35 au 24 kwa ukumbi, na ile ya 50 niliyoisema vibaya kichochoroni hapa inarudi na heshima yake, kwa uso wa bibi harusi na viganja vyake vya hina. Betri tatu, kwa sababu shughuli zinaanza jioni na hakuna ajuaye zitaisha saa ngapi. Na kadi nyingi za ukubwa wa wastani, kila familia na kadi yake, zisichanganyike.

Limebaki swali la Canon au Nikon, na najua kuna watu wamekaa mpaka sasa wakilingoja hilo tu. Sikiliza. Ukisahau chaja Nairobi, unaingia dukani. Ukiisahau hapa, chaja iko ng'ambo ya Mokowe na safari ya basi. Kwa hiyo kabla hujanunua, zunguka mtaani kwako, uliza nani ana kamera. Binamu, jirani, mwalimu, yule jamaa anayepiga picha za watalii pale gatini. Wakiwa wengi wana Canon, nunua Canon. Wakiwa na Nikon, iwe Nikon. Ijumaa ya harusi betri ikikufia saa mbili za usiku, utamtuma mtoto kwa jirani ambaye kamera yake inatumia betri kama yako, na atarudi na betri inayoingia.